Mwaka Nilioyaandika Maisha ya Kapteni Mara Mbili

Tulimzika Mzee Gwandu kule Bonga mwezi uliopita, siku ya mvua, udongo ukigandamana kwenye viatu vya watu. Msoma wasifu alipofika kwenye habari za kazi alisoma sentensi moja tu: "Marehemu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja pale Maisaka kwa miaka ishirini na zaidi, akaondoka kazini kwa heshima." Hapo nilikohoa. Elizabeti, bintiye mkubwa, akadhani naomba nafasi ya kusema, akanisogezea kipaza sauti. Nikasimama, nikasema marehemu alijua kupika perege wa ziwani bila tone la mafuta na bado ukajilamba vidole. Watu wakacheka kidogo, nikakaa. Yaliyobaki niliyameza. Tangu siku hiyo sina raha, maana ni kweli kwamba mara ya mwisho aliondoka kazini kwa heshima, lakini mara ya kwanza aliondoka akiitwa mwizi, akakaa na jina hilo siku tisa, na aliyemsababishia ni mimi huyo huyo niliyepewa kipaza sauti. Nimekuwa mhazili maisha yangu yote. Nimewapigia watu chapa barua za uhamisho, za onyo, za pongezi, hata za mapenzi kwa bosi mmoja asiyejua kutongoza kwa mdomo. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, na naona ni haki niipige chapa na ya kwangu.

Ulikuwa mwaka wa msako. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini wajukuu zangu wakisikia hudhani natunga. Dukani hakukuwa na kitu. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, hata sanda, vyote vilikuwa vya kupanga foleni, na kwenye foleni yenyewe mtu alikuwa akiweka jiwe au ndala limshikie nafasi, yeye akaenda shambani na kurudi. Tulikula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tukafulia majani ya mpapai, na betri za redio tukazianika juani kama dagaa ili zitupe taarifa ya habari siku moja zaidi. Kisha likaja tangazo kwamba bidhaa zipo ila zimefichwa na walanguzi, na msako ukaanza. Ukikutwa na miche mitatu ya sabuni isiyo na risiti, wewe ni mhujumu uchumi. Babati wakati ule ilikuwa mji mdogo tu, mkoa wa Manyara haujazaliwa, na hofu katika mji mdogo hutembea haraka kuliko gari. Watu wazima na akili zao walimwaga sukari ziwani. Jirani yetu mmoja alizika jora zima la kitambaa shambani, mvua ikanyesha, na alipolifukua lilikuwa limeota uyoga.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza kozi ya kupiga chapa, sina kazi. Paroko ndiye aliyenielekeza kwa Kapteni. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Edmund, lakini Babati nzima ilimwita Kapteni, kwa sababu aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza kabla hajaja kulima huku. Shamba lilikuwa limekwishachukuliwa siku nyingi, mke amefariki, naye akabaki na nyumba ya bati pale Maisaka, chumba kimoja kikiwa na dirisha la kuelekea ziwani. Alikuwa na miaka sabini na sita na macho yanakwisha. Kwa kioo cha kukuzia aliweza bado kusoma maneno machache, halafu machozi yakaanza kumtoka. Alitaka kuyaandika maisha yake kabla giza halijafunga, na hakuweza kuandika mwenyewe. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu: "Karani, unajua kunyamaza?" Nikasema najua. Laiti angejua jinsi nilivyokuwa najua.

Chumba kile bado nakiona. Meza ya mvule, taipureta nzito ya chuma, kiti chake cha turubai, na ukutani ramani ya bahari iliyoliwa na mchwa upande mmoja, wakala nusu ya Hispania. Sakafu aliiita sitaha, kama ya melini, na ole wako uingie na matope. Alisema kwa Kiingereza, mimi nikapiga chapa, na neno gumu likija alinifafanulia kwa Kiswahili chake cha amri amri, kilichofundishwa na vibarua wa shamba. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo tulitumia migongo ya fomu za shamba lililokufa. Karatasi ya kaboni haikupatikana kabisa, wala Babati wala Arusha, ndiyo maana kila ukurasa ulikuwa mmoja tu duniani. Utepe wa taipureta ukififia, Mzee Gwandu aliulowesha kwa masizi na mafuta ya taa, na chumba kikanuka kama kibatari mpaka jioni. Kila ukurasa uliokamilika uliwekwa kwenye kopo la bati la kijivu, kopo la melini la kutunzia biskuti. Mfuniko wake Kapteni aliuzungushia plasta ya kidonda ili mchwa wasipite.

Kwa njia hiyo nikaishi maisha ya mtu mwingine kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Niliingia naye chuo cha majini akiwa na miaka kumi na mitatu, nikalia naye alipochapwa kwa kufunga fundo vibaya. Nilikwenda naye Malta na Uchina, nikajifunza kwamba ofisa wa zamu huandika hali ya upepo na mawingu kila saa, hata kama hakuna kilichobadilika. Alipanda cheo hatua kwa hatua. Vita vya pili vilipoanza alipewa manowari yake mwenyewe, ndogo, ya kusindikiza meli za mizigo kwenye bahari ya baridi kule kaskazini. Nilikuwa binti ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Babati pamoja na viboko wake, lakini nilianza kuota mawimbi.

Saa sita na nusu tulikula. Kapteni mezani, mimi pembeni ya meza, Mzee Gwandu jikoni mlango ukiwa wazi, maana wale wazee wawili hawakuweza kula bila kubishana. Gwandu alikuwa Mwiraqw wa kutoka juu Dareda, Mlutheri, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake.

"Gwandu, samaki huyu ana miiba."

"Alizaliwa nayo, Kapteni."

"Na chai haina sukari."

"Sukari iko ziwani, Kapteni. Nenda na kikombe."

Kapteni aliguna, na nilijifunza kwamba kuguna kule kulikuwa kicheko. Gwandu alikuwa ndiye mtu pekee Babati aliyeweza kumjibu hivyo. Mara moja nilimsikia akimwambia jikoni, taratibu, wakati wakidhani nimetoka: "Tangu uanze kusema hayo mambo ya meli unakula kidogo. Acha basi." Kapteni akajibu, "Nikiacha sasa sitakula kabisa." Sikuelewa, na sikujaribu kuelewa. Nilikuwa nawaza mambo yangu.

Sura ambayo niliipenda kuliko zote ilikuwa ile ya hukumu. Manowari ya Kapteni iligonga mwamba kwenye ukungu ikazama, na watu kumi na wawili wakafa, akiwemo afisa wa dira, yule anayechora njia ya meli kwenye ramani. Kwa desturi yao, nahodha akipoteza meli lazima ashtakiwe, hata kama hana kosa, na upanga wake wa sherehe huwekwa mezani mbele ya waamuzi. Wakati wa kusomewa hukumu anaitwa ndani, na kabla mtu hajafungua mdomo yeye hutazama meza. Ncha ikimwelekea, amepatikana na hatia. Mpini ukimwelekea, yuko huru. Kapteni alisimulia jinsi alivyoingia akaona mpini, akaurudisha upanga kiunoni, akatoka. Afisa wa dira ndiye aliyekuwa amekosea hesabu, basi. Niliipiga chapa sura ile mbio mbio kwa furaha, nikaharibu kurasa nne kwa makosa. Kurasa zilizoharibika Kapteni alitaka zirudiwe kutumika, lakini zilikuwa zimejaa pande zote mbili, kwa hiyo nikampa Mzee Gwandu. Mkewe, Mama Elizabeti, alikuwa akiuza karanga sokoni, na karatasi za kufungia karanga mwaka ule zilikuwa shida kama karanga zenyewe. Sikumwambia Kapteni. Lilikuwa jambo dogo.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Shangazi yangu alikuwa na njia zake za kwenda Namanga, na alirudi na miche sita ya sabuni, vitenge doti mbili na mafuta ya kupikia ya Kenya. "Paskalina mwanangu," akaniambia, "nani atapekua nyumba ya mzungu asiyeona? Niwekee wiki mbili tu, mche mmoja wako." Mche mmoja wa sabuni! Leo ukinipa gari sitafurahi vile. Katika stoo ya Kapteni kulikuwa na kopo la pili la kijivu, pacha wa lile la kurasa, tupu. Nikatia mali ya shangazi humo, na kwa kujiona mjanja nikaufunga mfuniko kwa plasta ile ile, mizunguko ile ile mitatu, ili yeyote akiliona adhani ni kurasa. Nikayapanga pamoja kwenye rafu iliyosimama katikati ya stoo, wazi pande zote mbili, la kurasa kushoto, la magendo kulia.

Siku ya Jumatano, kama saa nne, Gwandu akiwa sokoni na Kapteni amesinzia kwenye kiti chake nje, mtoto wa jirani alipita mbio akipiga kelele: "Wanapekua! Wako kwa Baba Tumaini!" Kwa Baba Tumaini ni nyumba ya tatu. Sikujifikiria mimi peke yangu, naapa, nilimwona na Kapteni akifungwa pingu uzeeni, mzungu mhujumu, akipakiwa kwenye Landrover na kufukuzwa nchini kwa sababu ya sabuni ya shangazi yangu. Nikaingia stoo, nikanyakua kopo, nikakimbia nalo hadi choo cha nje, nikalitupa shimoni. Nilisikia limefika chini. Kisha nikarudi, nikakaa kwenye taipureta, nikaanza kupiga chapa herufi zozote ili nionekane nina kazi. Wapekuzi hawakuja. Walipata walichotaka kwa Baba Tumaini, madebe mawili ya mafuta ya taa, wakarudi mjini kunywa soda. Nilimshukuru Mungu na watakatifu wote ninaowajua kwa majina.

Asubuhi iliyofuata Kapteni aliomba nimsomee tena sura ya hukumu. Nikaenda stoo, nikabandua plasta, na harufu ya sabuni ikanipiga usoni. Ukiwa na haraka, rafu unaikabili kutoka mlangoni. Siku nilipoyapanga nilikuwa nimesimama upande wa dirishani. Kushoto kwangu kulikuwa kumegeuka kulia. Miezi mitano ya kazi, maisha yote ya mzee, ukurasa mmoja mmoja usio na nakala, yote yalikuwa chooni, na giza la macho yake lilikuwa karibu kufunga. Nilifunika kopo, nikalisukuma nyuma ya magunia, nikatoka. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Kapteni, kopo la kurasa halipo."

Aligeuza uso kuelekea stoo. Kisha akauliza ni nani mwenye ufunguo wa stoo. Sisi wawili, mimi na Gwandu. Kisha akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Mke wa Gwandu anafungia karanga kwa nini?" Akanipa senti, akanituma sokoni. Nilinunua karanga mafungu matatu kwa Mama Elizabeti, ambaye aliniongezea konzi moja kwa mapenzi, nikayaleta. Kapteni akamwaga karanga kwenye sahani, akazinyoosha karatasi, akainua kioo chake. Mbili zilikuwa za daftari la shule. Ya tatu ilikuwa imepigwa chapa. Nilimwona akisoma neno moja moja, midomo ikicheza, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Neno alilofikia lilikuwa "upanga".

Gwandu aliitwa. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hizo alinipa karani. Zilikuwa zimeharibika." Wakanigeukia wote wawili. Ningeweza kumaliza kila kitu hapo hapo kwa neno moja. Nilichosema, na nimekisikia kichwani mwangu kwa miaka arobaini, ni hiki: "Nilimpa chache. Hizi sizikumbuki."

Gwandu hakubisha. Alinitazama tu, muda mrefu kiasi cha chai kuchemka. Kapteni akamwambia arudi kwake Bonga mpaka kurasa zionekane. Ilikuwa siku ya Ijumaa alipofunga mzigo wake, sufuria yake moja, Biblia, koti. Akaja kusimama mbele ya kiti cha turubai.

"Kapteni, kwa sheria yenu sina shahidi. Kwa yetu sihitaji. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya ibada, nitasimama mbele ya wazee wa Bonga, nitoe lo'o."

Asiye Mwiraqw nimweleze. Lo'o ni laana, lakini si matusi ya mtu mwenye hasira. Aliyedhulumiwa huisema hadharani, mbele ya jua na wazee, imfuate aliyetenda na wa nyumbani kwake mpaka haki irudi. Akiisema mtu mwenye kosa humrudia mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeitoa kwa mzaha. Na hutangazwa kwanza, ili mkosaji apate nafasi ya kujitokeza. Nilikuwa Mkatoliki wa kipaimara, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa nimefika Malta na Uchina kwa taipureta, lakini niliposikia neno lile elimu yote ilinitoka. Nilimwona mama yangu, wadogo zangu, ng'ombe wetu mmoja, wote wamesimama katika njia ya neno la Gwandu.

Kuanzia siku hiyo Kapteni alikula mihogo niliyoichemsha mimi, mibichi katikati, bila kulalamika. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Bila Gwandu hakuwa na mtu wa kulalamikia. Hatukupiga chapa chochote. Nilifuta vumbi kwenye taipureta, nikapeleka kopo la magendo kwa shangazi nikamwambia sitaki kuliona, nikaenda kanisani kuungama, nikakuta foleni, nikarudi nyumbani. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimehesabiwa chache zaidi. Jumamosi asubuhi nilipofika Maisaka nilimkuta Kapteni jikoni amesimama, anapapasa rafu ya Gwandu, anatafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Nikasema bila hata kuamkia.

"Kapteni, Baba Elizabeti hakuiba. Kopo nimelitupa mimi."

"Wapi?"

"Chooni."

"Choo kipi?"

"Hicho cha nje. Siku ya msako. Kulikuwa na kopo la pili, lina sabuni ya magendo, yangu, nikachanganya. Na zile karatasi za karanga nilimpa mimi zote. Nilizikumbuka vizuri."

Nilisubiri fimbo, au polisi. Mzee akashika ukingo wa meza. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikasogea kumshika, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Gwandu alichimba choo kile futi ishirini na tano," akasema. "Basi hadithi imefika inapostahili." Nikamwambia tunaweza kutafuta ndoano ndefu, nikamwambia plasta ile huenda imezuia maji. Akakataa kwa mkono. Akakaa kwenye kigoda cha Gwandu, kicheko kikaisha, akasema kwa Kiswahili, ambacho hakuwahi kukitumia kusimulia habari za meli.

"Karani, ule upanga. Mpini ulinielekea, hilo kweli. Lakini afisa wa dira hakukosea. Yeye alisema tukae mbali na mwamba. Alisema mara mbili. Mimi nilikuwa na haraka, nikaamuru tupite karibu. Daftari la meli lilizama, yeye alizama. Mahakamani waliniuliza nani alichora njia ile. Nikasema yeye."

"Hukusema uliamuru wewe?"

"Hawakuuliza. Nami sikukumbuka." Akanitazama na macho yake ya ukungu. "Kama wewe na karatasi za karanga."

Sijawahi kuona aibu kubwa hivyo, na wakati huo huo, sijui nieleze vipi, kifua changu kilikuwa chepesi kama mtu aliyetuliwa tenga kichwani. Aliniambia kwamba miezi ile mitano alikuwa akitafuta namna ya kuisema sura ile kwa ukweli, na kila asubuhi alitoa uongo uleule kwa maneno mazuri zaidi. Kisha akasimama, akaomba kofia. Tulipanda lori la mbaazi lililokuwa likienda njia ya Dodoma, yeye mbele na dereva, mimi juu ya magunia.

Gwandu alikuwa uani kwake na wazee watatu, wakipanga mambo ya kesho. Hakuinuka. Mama Elizabeti alitoka na ungo mkononi akasimama mlangoni. Nilisema "Shikamooni," nikaitikiwa na wazee tu. Kapteni akavua kofia kwenye jua, kipara chake chekundu, nami nilidhani atasema "karani ana jambo", lakini alisema, "Gwandu, nimekuita mwizi na wewe si mwizi. Nimekosa." Kisha akaniachia zamu. Nikayasema yote, choo, sabuni, kila kitu, nikilia mpaka maneno hayatoki. Mzee mmoja akaficha kicheko nyuma ya fimbo nilipofika chooni.

"Kwa hiyo zile karanga nilizokuongezea," akasema Mama Elizabeti, "ulikuwa unanipeleleza?"

"Ndiyo, mama."

"Na konzi ya bure ukaila?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Gwandu alikuwa bado hajasema. Akanyanyuka, akaja mpaka karibu nami, nikafunga macho. "Nilijua unajua kitu," akasema polepole. "Ile siku mlangoni, niliona. Ningeweza kusema Jumapili ya keshokutwa yake. Nikasema ya wiki ijayo, nikupe siku. Kila asubuhi naamka natazama barabara, naona huji. Binti, ungenyamaza mpaka kesho ningekulaani. Mtoto niliyemlisha mezani! Ningeishi vipi mimi baada ya hapo?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika siku zile zote hakuna aliyeogopa lo'o kuliko yeye aliyetakiwa kuitoa. Wazee wakatutoza faini, Kapteni kondoo mmoja, na mimi mche wangu mmoja wa sabuni, upelekwe kwa Mama Elizabeti. Nilimnyang'anya shangazi mche ule kwa maneno ambayo sitayaandika, nikaupeleka Jumatatu yake. Mama Elizabeti aliunusa, akaukata kwa uzi vipande viwili, na cha pili akanirudishia.

Gwandu akarudi jikoni, na wiki ile tukaanza upya. Kapteni hakuanzia chuo cha majini safari hii. Aliniambia niandike katikati ya ukurasa jina la mtu, Luteni Peter Lorne, ambaye katika kurasa zote zilizozama chooni aliitwa tu afisa wa dira. Gwandu alileta chai, akasimama, kisha kwa mara ya kwanza akavuta kiti akakaa chumbani, akasikiliza Kiingereza asichokijua mpaka mwisho. Sura iliisha kwa asubuhi mbili. Haikuwa na maneno mazuri. Tuliipeleka posta, kwa ofisi ya wastaafu wa majini kule kwao, pamoja na barua ya kuomba ifikishwe kwa ndugu wa marehemu kama wapo. Kurasa nyingine za maisha yake tuliziandika pole pole baadaye, nyingi hatukuzimaliza, wala hakujali tena.

Jibu lilifika karibu na Krismasi. Liliandikwa kwa mkono na dada yake Peter Lorne, mwanamke mzee. Kapteni alikuwa haoni tena hata kwa kioo, akaniomba nisome, na nikatafsiri kila sentensi kwa ajili ya Gwandu aliyesimama mlangoni na kitambaa begani. Aliandika kwamba hajui kama ataweza kumsamehe. Aliandika kwamba mwaka wa hukumu baba yao aliishusha picha ya Peter ukutani, akaitia kabatini, na mama yao alikufa bila kuiona tena ukutani. Kisha: "Leo asubuhi nimeirudisha. Msumari ulikuwa bado upo."

Kapteni akaniomba nirudie mahali pale. Nikarudia.

"Msumari ulikuwepo?"

"Ndivyo alivyoandika, Kapteni."

"Miaka yote hiyo hawakuung'oa," akasema, si kwangu wala kwa Gwandu. Akaegemea kiti chake cha turubai, akavuta pumzi ndefu, na kabla sijakunja barua alikuwa amelala usingizi, saa nne asubuhi, mdomo wazi kama mtoto. Gwandu akaingia taratibu, akapiga goti, akamvua viatu. Perege walipoa mezani, na hatukumwamsha.